Korbani na Mzazi Aliyezeeka

Amri ya nne haiishi mtoto anapoota ndevu. Katika Marko 7:9-13, Yesu anawakemea watu wazima waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, wasipate kumsaidia baba wala mama. Kosa lao lilikuwa kuigeuza sadaka kuwa kisingizio.

Nasi tunavyo visingizio vyetu: kwaya, kamati ya ujenzi wa kanisa, safari ya hija. Huku nyumbani mama ameachiwa dada mmoja ambaye hajaolewa, kana kwamba amri ilitolewa kwake peke yake. Kutuma fedha ni vema, lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2218) inawataka watoto watoe msaada wa mali na wa moyo pia, katika uzee, ugonjwa na upweke.

Yoshua bin Sira (3:12-13) anaongeza: hata akili ya mzazi ikipungua, tumvumilie, tusimdharau. Akiuliza swali lilelile mara kumi, ajibiwe mara kumi.

Basi ndugu wakae pamoja wapange zamu: nani atalala naye, nani atampeleka kliniki, nani atampumzisha anayemuuguza. Padre naye aitwe mapema. Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho tu. Mzee aliyedhoofika sana kwa umri anaweza kuupokea hata bila ugonjwa wa hatari.

Kwa tafakari: Korbani yangu ni ipi? Na katika familia yetu, nani anabeba mzigo wangu?