Nani Hutoa Ruhusa? Majukumu ya Kijinsia na Kuchelewa kwa Matibabu katika Bonde la Kilombero

Mvua za masika zinapoanza kulijaza maji Bonde la Kilombero, kaya nyingi za Ifakara na vijiji vinavyouzunguka mji huwa zimekwisha kuhamia mashambani. Nyumba ya Kibaoni huachiwa bibi na watoto wa shule, na mama huenda kukaa kwenye dungu pamoja na watoto wadogo, kandokando ya mpunga, mpaka mavuno. Mtoto akipandwa na homa usiku huko, swali linalotangulia mara nyingi halihusu dawa. Huulizwa kwanza: baba yuko wapi, na nauli iko kwa nani?

Wataalamu hutofautisha jinsi na jinsia. Jinsi ni maumbile: mwanamke hubeba mimba na kunyonyesha. Jinsia ni yale ambayo jamii imeyagawa na kuyazoea hata yakaonekana kuwa maumbile: kwamba mwanamke ndiye apandikize, apalilie, aamie ndege, apike na kumwuguza mgonjwa, na kwamba mwanamume ndiye auze magunia na kuamua fedha itumikeje. Ukunga na uuguzi hufundishwa vyuoni kwa uangalifu mkubwa kuhusu jinsi. Kuhusu jinsia, mhudumu huachwa ajifunze mwenyewe wodini, na mara nyingi hujifunza vibaya.

Mfano wa kufikirika utasaidia. Mama yuko shambani, saa tatu za mwendo kutoka zahanati ya karibu. Mtoto wa miaka miwili ana homa tangu jana. Mama anaijua malaria; ameisikia kliniki na redioni, na chandarua kimefungwa ndani ya dungu. Mume amekwenda mjini kutafuta kibarua, na simu yake haipatikani. Mama akiondoka bila ruhusa na mpunga ukaliwa na ndege, lawama ni yake. Akikopa nauli ya bodaboda na baadaye ikaonekana kuwa homa ilikuwa ya kawaida, lawama ni yake vilevile. Anangoja. Asubuhi ya tatu mtoto anapata degedege, na shangazi ya mume anashauri waanze kwa mganga. Wanapofika kituo cha afya, mhudumu anauliza kwa ukali, “Mama, ulikuwa wapi siku zote hizi?”

Swali hilo lina dhana ndani yake, nayo ni kwamba mama hakujua. Bonde la Kilombero limechunguzwa kuhusu malaria kuliko sehemu nyingi za Afrika, tangu maabara ya Waswisi ilipoanzishwa Ifakara mwaka 1957, ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Tafiti za mradi wa ACCESS, uliofanya kazi Kilombero na Ulanga katika miaka ya 2000, zilionyesha kwamba familia zilizohamia mashambani zilitumia vyandarua kwa wingi, na kwamba wazazi wengi waliitambua homa na kuitafutia dawa za hospitali. Walioipata dawa sahihi, kwa wakati na kwa kipimo kamili, walikuwa sehemu ndogo tu. Yaani elimu ilikuwa imekwisha kufika. Vikwazo vilikuwa mahali pengine.

Mwaka 1994 Thaddeus na Maine, wakiandika kuhusu vifo vya wajawazito, waliugawa ucheleweshaji katika hatua tatu: kuamua kutafuta huduma, kukifikia kituo, na kupata huduma inayofaa baada ya kufika. Katika bonde hili hatua ya pili imepungua makali, hasa kwa watu wa ng'ambo ya mto, tangu daraja la Mto Kilombero lilipochukua nafasi ya kivuko. Hatua ya kwanza haina daraja. Nayo hukaa ndani ya nyumba, pale ambapo anayemwona mgonjwa siye mwenye kauli juu ya fedha.

Fedha hiyo imetoka wapi? Imetoka katika mpunga ambao mama huyo aliupandikiza na kuupalilia akiwa amesimama majini, pengine na mimba tumboni. Sheria za nchi haziungi mkono desturi ya kumhesabu kuwa msaidizi tu. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Hata kabla ya hapo, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakupewa mgawo, kwa sababu ya fedha alizokwisha kupokea kutoka kwa mume, lakini kanuni ilisimama.) Kutoka mahakamani hadi kwenye dungu ni mbali, bila shaka, ila ni vema mhudumu ajue kwamba anapomtaka mama amsubiri baba hailindi sheria yoyote.

Maana vituo navyo huongeza vizuizi vyake. Kumshirikisha mwenzi katika kliniki ya wajawazito ni jambo jema: hurahisisha kupima VVU kwa pamoja na kupanga uzazi na nauli mapema. Lakini sehemu kadhaa nchini mpango huo umegeuka sharti. Mjamzito asiye na mwenzi huambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, au hurudishwa nyumbani. Anayeumia zaidi ni yule aliyetelekezwa, aliyefiwa, au ambaye mume hataki kuja, ndiye hasa aliye hatarini zaidi. Hudhurio lake la kwanza, linalopaswa kuwa kabla ya wiki 12, husogea hadi mwezi wa tano, na dozi za SP za kumkinga na malaria hupungua. Kilichokusudiwa kumwondolea mzigo kimempa mwanamume ufunguo mwingine.

Isidhaniwe kwamba mgawanyo huu unawafaa wanaume. Kijana aliyefundishwa kwamba mwanamume halii hufika kliniki ya VVU akiwa amedhoofu, akiwa amekwisha kumwambia kila mtu kwamba ni uchovu wa kulima.

Mhudumu anaweza kubadilisha swali lake. Badala ya “ulikuwa wapi?”, aulize, “Mlipotaka kuja, ni nini kiliwazuia?”, kisha aandike jibu kwenye faili kama anavyoandika dalili nyingine, kwa kuwa ndilo litakaloamua kama mgonjwa atarudi siku aliyopangiwa. Mjamzito aliyekuja peke yake ahudumiwe siku hiyohiyo. Mwaliko wa mwenzi upelekwe baadaye, ikiwa mwenyewe ameridhia. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu hutoa ridhaa ya matibabu yake mwenyewe, uzazi wa mpango ukiwemo.

Kwa familia, wakati wa mazungumzo ni kabla ya kuhama, magunia ya mbegu yakiwa bado nyumbani. Baba na mama wakubaliane kiasi cha nauli kitakachokaa kwa mama shambani, jirani wa kuachiwa ndege, na kwamba mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyohiyo bila kupiga simu ya kuomba ruhusa. Mtoto aliyepata degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, au aliyelegea na kupoteza fahamu, aondoke shambani saa ileile. Baba atapewa taarifa mtoto akiwa njiani.