Shukrani ya Mezani: Somo kwa Nyakati za Misukosuko

SOMO LA ROBO HII
Masomo: Wafilipi 4:10–20, Luka 17:11–19
Lengo: Kuona jinsi mazoea ya kushukuru kwa mambo madogo yanavyotusaidia kusimama wakati wa dhiki, bila kuificha dhiki yenyewe.



Mikutano mingi ya kamati za parokia huanza kwa sala fupi, kisha huingia moja kwa moja kwenye matatizo. Pampu ya kisima imeharibika. Ada za watoto yatima hazijatimia. Mvua imechelewa, au imezidi. Si ajabu kuwa hivyo. Ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya walishuhudia misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022. Halafu, mwishoni mwa 2023 na tena Aprili 2024, mafuriko yakafuata katika sehemu nyingi za nchi. Mtu aliyepita katika hayo akiambiwa "shukuru kwa madogo" anaweza kudhani anadhihakiwa.

Swali letu basi ni hili: je, inawezekana kushukuru wakati wa taabu bila kujidanganya?

Mchungaji wa Eilenburg

Martin Rinkart alikuwa mchungaji katika mji wa Eilenburg, huko Saksonia, nchini Ujerumani. Alianza kazi hapo mwaka 1617. Mwaka uliofuata vikaanza vita ambavyo baadaye viliitwa Vita vya Miaka Thelathini. Eilenburg ulikuwa mji wenye kuta, kwa hiyo watu wa vijijini waliokimbia majeshi walijazana ndani yake. Mwaka 1637 tauni ikaingia. Wachungaji wenzake walipokosekana, Rinkart alibaki peke yake akiongoza mazishi, siku nyingine ya watu 40 hadi 50. Inakadiriwa kwamba aliwazika watu zaidi ya 4,000 mwaka ule. Mmoja wao alikuwa mke wake mwenyewe. Baada ya tauni ikaja njaa kali. Inasimuliwa kwamba aligawa karibu kila alichokuwa nacho, mpaka akapata shida ya kuwalisha na kuwavika watoto wake.

Mtu huyo ndiye aliyetunga "Nun danket alle Gott", wimbo wa shukrani ambao bado unaimbwa katika makanisa ya mataifa mengi. Mara nyingi husimuliwa kwamba aliutunga baada ya kumaliza kuzika. Lakini wengi wanaochunguza historia ya nyimbo wanaona kwamba uliandikwa kabla ya tauni, mnamo 1630 hivi. Tena haukukusudiwa kwa sherehe kubwa. Ulikuwa sala fupi ya mezani, ya kusemwa na familia baada ya kula.

Hapa ndipo lilipo fundisho letu. Shukrani ya Rinkart haikuzaliwa siku ya msiba. Ilizoewa mezani, siku za kawaida, juu ya mkate na mchuzi, vita vikiwa vinaendelea nje. Tauni ilipobisha hodi ilimkuta akiwa na kitu ndani. Wazee wetu walisema akiba haiozi. Shukrani ya kila siku ni akiba ya namna hiyo: huwekwa senti kwa senti, wala hatujui tutaihitaji lini.

Mambo matatu ya kujifunza

1. Shukrani hushika vitu vyenye majina. Kusema "tunashukuru kwa yote" ni rahisi, na mara nyingi maneno hayo hupita bila kumgusa mtu. Ni vizuri kutaja: chai ya tangawizi asubuhi ya baridi, jirani aliyepita kutusalimu bila shida yoyote, mchicha wa kwanza kuchipua kwenye bustani ya kikundi, mtoto aliyeweza kuandika jina lake. Anayetaja hujifunza kuona. Na kamati inayoona madogo mema huona mapema pia madogo yanayoharibika.

2. Shukrani haifichi uchungu. Rinkart alishukuru mezani, na alizika makaburini. Hakuacha moja kwa sababu ya lingine. Askari wa Uswidi walipoudai mji wake malipo makubwa ya vita, hakuwaambia watu wake waridhike. Alikwenda kuwaombea, na malipo yakapunguzwa sana. Kwa hiyo tusitumie shukrani kuwanyamazisha wanaolia. Anayeshukuru kwa ndoo moja ya maji bado ana haki ya kuuliza kwa nini pampu haijatengenezwa.

3. Shukrani hufungua mkono. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, akawashukuru kwa zawadi waliyomtumia kwa mkono wa Epafrodito. Zawadi ile haikufungua minyororo yake. Hata hivyo aliitaja, akamtaja aliyeileta, na akaonyesha kwamba kilichomfurahisha zaidi ni upendo wa waliotoa. Anayejua kwamba amepokea huona njia ya kutoa, hata kama anacho kidogo.

Neno kwa wanaotoa na wanaogawa

Katika Injili ya Luka wakoma kumi walitakaswa, na mmoja tu, Msamaria, akarudi kushukuru. Bwana aliuliza walipo wale tisa, lakini hatusomi popote kwamba walinyang'anywa uponyaji wao. Msaada haukuwa na sharti la shukrani.

Hili lituonye. Mama aliyepoteza nyumba kwa mafuriko hana deni la tabasamu mbele ya kamera yetu. Tusimpange mstari aseme asante kabla ya kupewa unga. Akishukuru, tupokee kwa heshima. Asiposhukuru, unga ni wake vilevile. Na taarifa zetu kwa wafadhili zisiwe za furaha tupu. Taarifa inayosema "kisima kinatoa maji, lakini mipira ya pampu imechakaa" ni taarifa ya shukrani, kwa maana inamheshimu aliyetoa kwa kumwambia ukweli.

Zoezi la miezi mitatu

Tunaziomba kamati zijaribu jambo hili katika kila mkutano hadi robo ijayo. Baada ya sala ya kufungua, kila mjumbe ataje jambo moja dogo jema aliloliona tangu mkutano uliopita. Liwe dogo kweli, na lisiwe limetajwa na mwenzake. Katibu aliandike kwenye kumbukumbu za mkutano. Asiye na la kusema siku hiyo asilazimishwe. Akae kimya, na wenzake wamtembelee nyumbani wiki hiyo, maana huenda ukimya wake unasema jambo. Kisha endeleeni na ajenda ngumu kama kawaida. Dakika kumi zinatosha.

Maswali ya kujadili

1. Ni jambo gani dogo lililokufariji juma hili? Litaje kwa jina lake.
2. Je, katika parokia yetu yupo mtu tuliyemwambia ashukuru, wakati alihitaji kusikilizwa? Tufanye nini sasa?
3. Familia zetu zina desturi gani ya kushukuru baada ya kula? Watoto wanaijua?
4. Katika taarifa yetu ya mwisho kwa wafadhili, tulificha nini?

Rinkart alifariki Desemba 1649, mwaka mmoja tu baada ya amani kutiwa sahihi. Karibu utumishi wake wote katika mji ule ulipita ndani ya vita. Hatukuahidiwa kwamba nyakati zetu zitakuwa tulivu zaidi. Lakini leo jioni, penye ugali na mboga, meza ipo. Tuanzie hapo.