Kikohozi kwa mwenye kinga dhaifu: Vipimo vinapodanganya

Mgonjwa amekohoa kwa wiki tatu. Amepimwa makohozi, hayakuonyesha kitu. Amepigwa picha ya kifua, ikaonekana safi. Anarudi nyumbani akiamini ni homa ya kawaida. Ikiwa kinga ya mwili wake ni dhaifu, majibu hayo mazuri huenda yakamponza.

Kinga hupungua kwa sababu nyingi. Virusi vya Ukimwi ndivyo vinavyojulikana zaidi, lakini wamo pia wenye kisukari, wanaotibiwa saratani, waliopandikizwa figo na wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

KWA NINI PICHA HUWA SAFI

Mashimo yanayoonekana kwenye mapafu ya mgonjwa wa kifua kikuu hayaletwi na viini peke yao. Kwa sehemu kubwa ni matokeo ya vita baina ya viini na askari wa mwili. Askari wakiwa wachache, vita huwa hafifu. Mashimo hayatokei, na viini vichache tu hutoka na makohozi, ilhali vingine vinaendelea kuenea mwilini, hata nje ya mapafu.

Ili darubini ione viini hivyo, sharti viwe kati ya 5,000 na 10,000 hivi katika mililita moja ya makohozi. Mwenye vichache huambiwa hana ugonjwa.

Ndiyo sababu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha kipimo cha GeneXpert, ambacho hutafuta chembe za urithi za kiini chenyewe. Majibu hupatikana kwa muda wa saa mbili hivi, na huonyesha pia kama kiini ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Mwenye virusi aliyelemewa na asiyeweza kutoa makohozi huweza kupimwa mkojo kwa kipimo cha LAM. Hata hivyo, LAM isipoonyesha kitu, haimaanishi kwamba kifua kikuu hakipo.

SI KILA KIKOHOZI NI KIFUA KIKUU

Nimonia ya bakteria huanza ghafla: homa kali, kichomi na makohozi mazito. Nimonia inayoletwa na ukungu uitwao Pneumocystis huja kwa kunyemelea. Kikohozi huwa kikavu, na pumzi hupungua polepole kwa siku kadhaa au wiki. Huwapata hasa wale ambao chembe zao za CD4 zimeshuka chini ya 200. Ni nimonia hii iliyowashtua madaktari wa Los Angeles mwaka 1981 ilipowapata vijana watano, kabla Ukimwi haujapewa jina.

Hapa pia picha huweza kuwa safi. Daktari hodari hubana kifaa cha kupimia oksijeni kwenye kidole cha mgonjwa, humtembeza, kisha humpima tena. Oksijeni ikishuka, hiyo ni dalili kubwa. Mara nyingi matibabu huanza bila kungoja uthibitisho, kwa dawa ya Septrin ya kiwango kikubwa. Tena, mgonjwa mmoja huweza kuwa na maradhi mawili kwa wakati mmoja.

UFANYE NINI

Mwambie daktari ukweli kuhusu hali yako. Asipojua kinga yako ni dhaifu, hatajua atafute nini. Ukiwa na virusi, usingoje wiki mbili zipite: kikohozi, homa, kukonda au jasho la usiku, hata moja tu, yatosha kwenda kupimwa. Toa makohozi kutoka ndani ya kifua, si mate.

Usijinunulie viuavijasumu dukani. Baadhi yake hutuliza kifua kikuu kwa muda tu, kisha ugonjwa hurudi ukiwa umekomaa. Matibabu ya kifua kikuu ni bure katika hospitali za serikali.

Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, au midomo ikigeuka rangi ya samawati, kimbilia hospitali mara moja. Na ukiambiwa huna ugonjwa lakini kikohozi hakiishi, rudi ukapimwe tena.