Manowari Petard

Asimamaye Kindu kando ya Lualaba huiona ng'ambo. Baharini ng'ambo haionekani. Meli ikipigwa huko, hakuna ukingo wa kukimbilia. Kwa hiyo, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia (1939-1945), meli nyingi zilisafiri kwa kundi, nazo manowari zilizilinda. Adui aliyeogopwa sana ni nyambizi, yaani manowari iendayo chini ya maji.

Petard ilikuwa manowari ya Waingereza yenye kazi hiyo ya ulinzi. Mwezi wa Oktoba 1942, katika bahari ya Mediteranea, ilisaidia kuishinda nyambizi ya Wajerumani. Mabaharia wawili, Fasson na Grazier, waliingia ndani yake kutoa vitabu vya siri. Vitabu vilipatikana, lakini nyambizi ilizama pamoja nao.

Mwezi wa Februari 1944 meli tano zilitoka Mombasa kwenda Ceylon, nchi iitwayo sasa Sri Lanka. Zililindwa na Hawkins, Paladin na Petard. Meli moja, Khedive Ismail, ilichukua watu 1,500 hivi: askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, mabaharia, na wauguzi wanawake.

Tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga Khedive Ismail. Meli ilizama kwa dakika chache tu. Wengi hawakuwahi kutoka. Wengine walielea majini, wakingoja msaada. Lakini nyambizi ilijificha chini, karibu nao. Kama ingeachwa, ingeweza kuzipiga meli nyingine zilizojaa watu. Paladin iliteremsha mashua kuwaokoa walioelea. Petard ikatupa mabomu ya majini, na baadhi ya waliokuwa majini wakafa kwa mabomu hayo. Mwishoni nyambizi ilipanda juu, Petard ikaizamisha.

Siku ile walikufa karibu watu 1,300 wa Khedive Ismail. Waliookoka ni 200 na zaidi kidogo. Katika nyambizi alipona mtu mmoja tu. Meli zile nne zilisalimika.

Petard ilivunjwa mwaka 1967. Majina ya wale askari wa Afrika yameandikwa katika makaburi ya vita ya Nairobi. Tuwaombee wote, wa kila taifa.

MASWALI
1. Kwa nini meli zilisafiri kwa kundi?
2. Fasson na Grazier walikufa wakifanya nini?
3. Kwa nini Petard ilitupa mabomu karibu na watu walioelea?