Somo la Meno: Mfereji Uliofichwa

Labda umekwisha kuona mtu aliyetengenezewa jino, akapona, na baada ya miezi mingi maumivu yakarudi mahali pale pale. Watu wanasema, "Mganga hakufanya kazi." Tujifunze sababu moja.

1. Ndani ya jino. Jino si jiwe. Ndani yake mna kiini chenye damu na mishipa ya fahamu, nacho kinashuka katika mizizi kwa mifereji myembamba sana. Jino likioza mpaka ndani, kiini kinakufa na usaha unaweza kufanyika. Basi njia ni mbili: kung'oa jino, ama kusafisha mifereji yote kwa dawa na kuiziba.

2. Shida. Gego kubwa la kwanza la juu kwa kawaida lina mizizi mitatu. Mtu atafikiri mifereji nayo ni mitatu. Lakini mara nyingi uko wa nne, katika mzizi wa mbele upande wa shavu. Tundu lake ni dogo mno, tena hufunikwa na jino lenyewe. Mganga asipouona, vijidudu vinabaki humo, na maumivu yanarudi.

3. Msaada. Umeona mikroskopi ya kutafutia malaria katika damu. Iko nyingine, yenye mguu mrefu na taa, ambayo mganga anatazama nayo mdomoni akifanya kazi. Katika mwaka wa 1921 Carl Nylén wa Swedi alianza kutumia mikroskopi katika kupasua masikio. Waganga wa meno waliifuata miaka mingi baadaye. Hukuza kitu mara 20 na zaidi, na nuru yake inafika chini kabisa penye matundu.

4. Wewe ufanye nini? Si kila hospitali ina chombo hiki, na pengine kung'oa ndiyo njia nzuri. Lakini jino lililotengenezwa likiuma tena, usinyamaze: rudi, onyesha jino lenyewe. Pengine laweza kufunguliwa na kusafishwa upya. Uso ukivimba, ukipata homa, ama kumeza kukiwa vigumu, njoo siku ile ile. Usaha wa jino unaweza kuua mtu.

Maswali
1. Kwa nini jino lililotengenezwa laweza kuuma tena?
2. Ni dalili gani zinazotaka uje siku ile ile?