AFYA YETU: Aliye Juu ya Mto na Aliye Chini



Wewe unayeishi Maji ya Chai unajua kwamba jina la mahali petu limetokana na rangi ya maji. Tumezoea kuyapima maji kwa macho. Lakini vijidudu vya kipindupindu havionekani. Maji meupe pe yaweza kuua.

Tuchukue mfano wa Haiti, nchi ya visiwa vya Karibi. Mwezi Januari 2010 ilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Oktoba mwaka huo huo kikazuka kipindupindu. Kinyesi kutoka kambi ya askari wa kulinda amani kiliingia katika kijito kinachomwaga maji yake mto Artibonite. Watu wa chini ya mto walikunywa maji hayo, wakaoga na kufulia. Hadi mwaka 2019 walikuwa wameugua watu zaidi ya 800,000, na karibu 10,000 walikufa.

Usiseme Haiti ni mbali. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi ya nchi yetu. Njia yake ni ile ile: hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, hupita katika maji, chakula au mikono, huingia kinywani.

Tufanye nini?

1. Kila kaya iwe na choo na ikitumie. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walijifunza katika vikundi kwa redio na vitabu, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Choo kiwe mbali na mto na kisima.

2. Chemsha maji ya kunywa, uyafunike. Lakini kumbuka: maji mengi ya huku kwetu yana madini ya floraidi, yanayotia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi floraidi. Kwa hiyo watoto wapewe kwanza maji ya chanzo chenye floraidi kidogo, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, njia iliyofanyiwa utafiti hapa jirani Ngurdoto. Hayo nayo yachemshwe.

3. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula.

4. Anayeharisha maji kama ya kuoshea mchele asinyimwe maji. Hufa kwa kukaukiwa, pengine kwa saa chache. Changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo njiani mkimkimbiza zahanati. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kitongoji chenu, ni nani huchota maji chini ya mahali wengine wanapofulia au kujisaidia?
2. Ni kaya ngapi hazina choo? Mtazisaidiaje kabla ya masika?