Kompyuta ya Nyumbani Inapochoka: Kununua Nyingine au Kuiboresha?

Kaya inayotumia kompyuta kwa masomo ya watoto, kwa maombi ya leseni ya biashara katika mfumo wa TAUSI au kwa zabuni za kikundi katika mfumo wa NeST, hufika siku ambapo mashine huchukua dakika kadhaa kuwaka. Wazo la kwanza huwa ni kununua nyingine. Fedha hizo, hata hivyo, ndizo hizo hizo za ada na mbolea. Ni vyema ugonjwa ujulikane kabla ya kununua dawa.

Mara nyingi si mashine nzima iliyozeeka. Mtumiaji wa Windows akibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, huonyeshwa ni sehemu gani inayolemewa. Diski ikisimama kwenye asilimia 100 hali hakuna kazi kubwa inayofanyika, wa kushukiwa kwanza ni diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka. Kuiondoa na kuweka SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, ndiyo badiliko ambalo familia huliona siku ileile. Ikiwa kinachojaa ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu, kuiongeza kutoka GB 4 hadi 8 husaidia. Ila katika baadhi ya kompyuta mpakato nyembamba ramu imechomelewa kwenye bodi, na fundi athibitishe hilo kabla ya kupokea malipo. Nyaraka zote zinakiliwe kwanza mahali pengine.

Upo mpaka usiovukwa kwa diski wala ramu. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine isiyopata masahihisho ya usalama haifai kwa miamala ya fedha. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa vichakataji vya Intel, kwa jumla kizazi cha 8 au cha baadaye. Kizazi husomwa katika jina: i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8.

Hapo ndipo ulipo mtego wa mtumba. Anayevutwa na bei ya kompyuta ya kizazi cha 6 hununua tatizo lilelile alilotaka kuliacha nyumbani. Mnunuzi aombe iwashwe, asome jina la kichakataji kwenye skrini badala ya kuamini kibandiko, kisha aijaribu betri bila waya wa umeme.

Mashine nzima isiyokubali Windows 11 inaweza kuwekewa Linux, kama vile Ubuntu, bila malipo ya leseni, ikatosha kwa kuandika na kuperuzi. Mwenye programu ya uhasibu inayotaka Windows pekee hana njia hiyo; huyo, pamoja na yule ambaye bodi ya mashine yake imekufa, anunue. SSD aliyokwisha kuilipia asiiache kwa fundi: ikitiwa ndani ya kasha la USB, huwa hifadhi ya nakala za nyaraka zake.